Wanafunzi wanakumbuka mazingaombwe tu, sayansi yenyewe imepita pembeni. Nifanyeje?

mwl_wa_kata
Wakuu habari za jioni. Nafundisha fizikia na kemia kidato cha pili, shule ya kata, maabara yetu ni chumba chenye meza basi. Wiki iliyopita nikaamua kuchangamsha kipindi, nikajaza glasi maji mpaka pomoni, nikafunika na kadi ya mchango wa harusi, nikaipindua juu ya kichwa cha kijana wa mbele nikaachia mkono, maji hayakudondoka hata tone, darasa likalipuka kelele wengine wakapanda madawati. Nikaeleza presha ya hewa, tukaendelea. Juzi nimewapa swali hilohilo kwenye jaribio, nusu wameandika kadi imenata, na mmoja kaandika "mwalimu ana dawa". Huyo kaninyima usingizi maana hakuwa anatania, nilimwita akaniambia mtaani kwao kuna mganga anageuza maji yanakuwa damu na watu wanatoa hela. Niache haya mambo au kuna namna?

dada_chaki
Usiache kaka! Ila uliwahi mno kuachia mkono. Shika glasi hivyohivyo imepinduliwa, kaa kimya, waambie kila mtu aandike kwenye daftari kitatokea nini na kwa nini, halafu wabishane na jirani yake, ndo uachie. Mwanafizikia Eric Mazur na wenzake pale chuo kikuu cha Harvard walichapisha utafiti 2004 kuhusu jambo hilihili, wanafunzi walioonyeshwa tu na kuelezwa hawakuwa na tofauti kubwa na ambao hawakuona kabisa, waliobashiri kwanza ndo walielewa zaidi. Mi nikisoma pale nilijiona mwenyewe darasani miaka yote ile.

Halafu wape hesabu. Mdomo wa glasi una kipenyo kama sm 7, eneo lake ni sm 38 za mraba hivi, na hewa inasukuma kwa uzito wa kama kilo 1 kila sentimita ya mraba. Kwa hiyo chini ya ile kadi kuna msukumo wa kama kilo 38, na maji yako hata nusu kilo hayafiki. Mtoto akilipata hilo kwa kalamu yake mwenyewe hawezi kusema ni dawa.

fundi_umeme77
Naongezea moja walimu mtanisamehe. Lile la mshumaa kwenye sahani ya maji, unaufunika na glasi, unazimika, maji yanapanda ndani. Sisi tulifundishwa eti oksijeni imeisha ndo maana maji yanajaza nafasi yake, na mpaka leo mwanangu analetewa hivyohivyo. Angalieni kwa makini, mshumaa ukiwa unawaka maji yanapanda kidogo sana, yanapanda kwa kasi UKISHAZIMIKA. Na ukiweka mishumaa mitatu yanapanda zaidi ya ukiweka mmoja, sasa oksijeni ya glasi ileile imeongezekaje? Ni joto hilo, hewa ya moto imetanuka nyingine ikatoka kwa mapovu pale chini, ikipoa inasinyaa na hewa ya nje inasukuma maji ndani. Kiinimacho kikiwa na maelezo ya uongo ni bora usikifanye.

mama_wawili_Tanga
Huyo mtoto wa damu msimwache jamani. Kila aliyewahi kufua shati jeupe lenye doa la mchuzi anajua, ukipaka sabuni lile doa la manjano linageuka jekundu. Ni binzari ya manjano hiyo, ikikutana na kitu cha besi kama sabuni, magadi au maji ya majivu inakuwa nyekundu kabisa kama damu, ukikamulia limao inarudi njano. Mwalimu weka maji ya binzari kwenye glasi, mimina maji ya magadi mbele yao, waache wapige kelele, halafu kila kundi lipate glasi yake wafanye WENYEWE. Akarudie nyumbani mbele ya bibi yake. Tena hapo ushafundisha asidi na besi bila kununua zile karatasi za litmasi za kupimia.

Ila tafadhali ya moto na spiriti usiwape wajaribu nyumbani, kuna kijana wa jirani yetu aliungua mkono akiiga aliyoyaona shuleni.

mwl_wa_kata
Asanteni sana, kwa kweli sikutegemea. @fundi_umeme77 hiyo ya mishumaa mitatu nimeijaribu sasa hivi jikoni, ni kweli maji yamepanda zaidi, na mimi nimefundisha oksijeni miaka sita. Jumatatu nawaambia nilikosea na tunafanya upya pamoja. @dada_chaki kubishana niwape dakika ngapi? Darasa lina watoto 71, nina vipindi viwili mfululizo.

dada_chaki
Tatu kuandika kimya kimya, tano kubishana. Usimwambie yeyote kapatia wala kakosea mpaka umeachia mkono, hata wakikuomba. Na yule aliyeandika dawa mpe ashike yeye glasi.