Je, mbegu za mbarika zinaweza kupondwa na kunywewa kama haluli?

Mkazi wa Majengo:
Assalaam aleikum. Nyuma ya nyumba yetu umeota mbarika mkubwa, na mbegu zake, zile zenye madoa kama kupe aliyeshiba, huanguka uani wanapocheza watoto. Nina mimba ya miezi minane na nimefunga choo kwa siku kadhaa. Mama mkwe ananishauri niponde mbegu chache, nizitie kwenye uji ninywe, akisema kwamba hata uchungu utanijia kwa wepesi. Je, ni salama?

Mfamasia, Tudor:
Waaleikum salaam, dada yangu. Tafadhali usinywe. Ndani ya mbegu hizo mna sumu iitwayo risini, ambayo huyeyuka katika maji lakini haiyeyuki katika mafuta. Ndiyo sababu mafuta yaliyokamuliwa na kusafishwa huuzwa katika maduka ya dawa, ilhali mashudu yanayobaki yanaweza kumwua hata mbuzi. Mbegu iliyomezwa nzima huweza kupita tumboni bila madhara makubwa kwa kuwa ganda lake ni gumu. Iliyotafunwa au kupondwa ndiyo ya kuogopwa, nawe unaambiwa uponde! Dalili huanza baada ya saa kadhaa: kutapika, kuharisha, pengine damu, na kuishiwa maji mwilini. Risini huzizuia seli zisitengeneze protini, na haina dawa ya kuivunja nguvu. Hospitali hutibu dalili tu. Inaaminika kuwa sumu hiyo hiyo ndiyo iliyomwua mwandishi Georgi Markov wa Bulgaria mjini London mwaka 1978.

Bibi wa Mji wa Kale:
Mwanangu, nyanya yangu alikuwa fundi wa mafuta ya mbarika, wala sikumwona hata siku moja akimpa mtu mbegu mbichi. Alizikaanga, akazitwanga kinuni, akazichemsha kwa maji mengi mpaka mafuta yakaelea, kisha akayaengua kwa upawa na kuyapika tena hadi maji yote yakauke. Majani aliyapasha moto akayafunga kwenye goti lililovimba. Watu wa siku hizi wanataka haluli ya nyanya bila jasho la nyanya.

Mfamasia, Tudor:
Shikamoo, Bibi. Kule kuchemsha kulikuwa na maana kubwa, kwa sababu joto huiharibu risini. Hata hivyo, dada, hata mafuta safi usiyanywe sasa: huchochea utumbo na yanaweza kuamsha mikazo ya tumbo la uzazi kabla ya wakati, kwa hiyo mweleze mkunga wa kliniki yako akupe dawa ya choo inayomfaa mjamzito. Mbegu za uani ziokoteni leo, na mti uondolewe. Mtoto akitafuna hata moja, msimtapishe wala msingoje dalili. Mpelekeni hospitali mara moja, mkiwa na mbegu nyingine mkononi ili daktari aitambue.