Mjadala: Kipa mstaafu apewe timu nzima, au aachiwe makipa tu?

Mtoa mada, Kisumu:
Ndugu zangu wapenda soka, kuna jambo linanikera. Klabu ikitafuta kocha mkuu, majina yanayotajwa ni ya viungo, mabeki na mastraika wa zamani. Kipa akistaafu anapewa koni na vijana wawili awapigie mashuti kando ya uwanja, basi. Naona ni dhuluma, tena hasara kwetu sote.

Mnamkumbuka marehemu James Siang'a? Alikuwa kipa wa klabu ya Gor Mahia, akawa kwenye kikosi cha Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, kilichokwenda Cameroon 1972, mara ya kwanza kabisa Kenya kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika. Alipoacha kucheza akaifundisha Stars, kisha akavuka mpaka hadi Tanzania. Mwaka 2003 akiwa na Simba aliwatoa Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi wa Afrika! Simba walishinda 1-0 Dar es Salaam, Zamalek wakarudisha 1-0 Cairo, penalti zikaamua. Aliyekuwa kwenye benchi ni kipa.

Nenda usimame nyuma ya goli pale Moi Stadium siku ya mechi, utege sikio. Mnyakaji hanyamazi. "Mtu nyuma! Panda! Acha, yangu!" Kona haijapigwa, ameshaweka mtu kwenye mlingoti wa karibu, amemvuta kiungo arudi amkabe yule mrefu, na bado anamfokea beki wa kulia aliyezubaa. Mchezo wote unachezwa mbele ya macho yake. Hiyo kazi inaitwaje kama si ukocha?

Mchangiaji, Kakamega:
Kaka, mzee Siang'a namvulia kofia, lakini huyo ni mmoja. Kipa hufanya mazoezi peke yake na kocha wake. Wenzake wanapofundishwa jinsi ya kufungua ngome, yeye yuko upande mwingine anaruka kushoto na kulia. Atamfundisha nini winga? Isitoshe, makipa wa enzi hizo walirudishiwa mpira na wenzao wakaudaka kwa mikono hadi sheria ilipobadilishwa 1992. Soka ya leo inaanzia miguuni. Mimi nitamchukua kiungo wa kati, asubuhi na mapema.

Mchangiaji, Nakuru:
Nyinyi mnabishania mbinu, mimi nimeona mlango ukifungwa. Mjomba wangu alidakia klabu moja ya ligi kuu miaka mingi. Alipostaafu aliomba alipiwe kozi ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Akajibiwa kwamba ya makipa inamtosha. Mwaka huohuo, beki aliyecheza mbele yake akalipiwa kozi ya ukocha wa kawaida, na leo ana timu. Mjomba hana leseni, kwa hiyo kila nafasi ikitangazwa haombi. Halafu watu husema makipa hawataki ukocha.

Mtoa mada, Kisumu:
Pole kwa mjomba. Hapo ndipo penye uozo wenyewe, na ningependa viongozi wa vilabu wasome maneno yako mara mbili.

Kaka wa Kakamega, hiyo ya 1992 inanisaidia mimi. Makipa wanaostaafu sasa wamecheza maisha yao yote chini ya sheria hiyo. Wao ndio wanaoanzisha mashambulizi. Na hata wa zamani hawakushindwa: Dino Zoff aliifikisha Italia fainali ya Euro 2000, akazuiwa na bao la dhahabu la Ufaransa, lile la muda wa nyongeza linalomaliza mechi papo hapo. Nuno Espírito Santo alikuwa kipa wa akiba wa Porto ya Ureno, baadaye akawa kocha wa kutajika Uingereza. Kipa wa akiba, jamani, hukaa benchini msimu mzima akimwangalia kocha anavyobadilisha mchezo.

La mazoezi ya kando nakubali, lina uzito. Lakini kosa si la kipa, ni la ratiba. Klabu imwite kwenye vikao vya mbinu angali anacheza, na ikilipia kozi isiangalie mtu alisimama wapi uwanjani. Vilabu vya SoNy, Nzoia, Chemelil, hata Gor na Ingwe (AFC Leopards), vyote vimekuwa na makipa waliopanga safu za ulinzi kwa miaka. Nani kati yao aliwahi kuitwa hata kwenye mahojiano ya ukocha mkuu? Wenye majibu waandike hapa.

Mchangiaji, Kakamega:
Kwenye mahojiano waitwe, hapo sina ubishi. Lakini timu bado nampa kiungo.