Manjano, zafarani au haiperikamu: kipi kinaenda na fluoksetini?

MamaTukuyu: Mugonile wadau. Mdogo wangu ana sonona, yuko kwenye fluoksetini 20 mg, wiki ya tatu sasa, na bado analala mchana kutwa. Muuzaji mmoja sokoni katupangia vitu vitatu: unga wa manjano wenye pilipili manga, zafarani, na vidonge vya haiperikamu (mmea wa dawa wenye maua ya njano, Kiingereza St John's wort). Eti vyote vya asili, havina madhara. Tuongeze kipi?

Mnyalu_Kihesa: Kamwene dada. Manjano naweka kwenye chai ya maziwa kila siku, usiku nameza amitriptilini yangu, nayo ni dawa ya sonona. Shida sijaona. Maajabu pia sijaona.

Mfamasia_Uyole: Dada, haiperikamu itoe mezani leo. Katika hivyo vitatu ndiyo yenye nguvu, na balaa liko hapo hapo: inapandisha serotonini, kemikali ya ubongo, na fluoksetini inapandisha vilevile. Vikikutana mtu anaweza kutoka jasho, kutetemeka, kuharisha, moyo kwenda mbio, hata kuchanganyikiwa. Wala asiache fluoksetini leo akaanza hiyo kesho, maana dawa hii hukaa mwilini wiki kadhaa. Tena haiperikamu huchochea ini livunje dawa nyingine haraka: ARV, vidonge vya uzazi wa mpango, hata amitriptilini ya Mnyalu.

Manjano ya mboga hayana neno. Ya vidonge vyenye piperini, kiini cha pilipili manga, ni habari nyingine. Jaribio la 1998 lilionyesha piperini 20 mg inapandisha kurkumini, kiini cha manjano, mwilini mara 20 hivi, na dawa nazo zinaweza kupanda kwa mlango huo huo. Zafarani ina majaribio madogo, mengi ya Iran, 30 mg kwa siku, yenye matokeo mazuri. Ila ya bei chee, jamani, mara nyingi ni maua mengine kabisa.

Kijana_Makambako: Mlima Rungwe kuna mti wa maua ya manjano, si ndiyo hiyo haiperikamu?

Mfamasia_Uyole: Ni ndugu yake tu. Iliyopimwa ni ya Ulaya. Msichemshe.

MamaTukuyu: Jamani, kopo la haiperikamu nimelikuta chini ya mto wake. Limeandikwa vidonge 60, nimehesabu 56.

Mfamasia_Uyole: Ana jasho? Anatetemeka?

MamaTukuyu: Jasho hapana. Kikombe cha uji ndicho kinamchezacheza mkononi. Kliniki yake ni Alhamisi.

Mfamasia_Uyole: Alhamisi mbali. Nendeni hospitali sasa hivi, na hilo kopo mlibebe.