Zabuni ya barabara na madaraja baada ya vita: sura ya "kujenga uwezo" iandikwe namna gani?

Mhandisi_Mikocheni
Habari zenu, wanajamvi. Ofisi yetu ndogo ya wahandisi washauri imealikwa kushirikiana na kampuni ya Ulaya katika zabuni ya kurejesha barabara na madaraja kwenye eneo lililotoka vitani katika nchi jirani. Wenzetu wamejigawia usanifu na usimamizi, nasi tumeachiwa sura ya kujenga uwezo, yaani kuwaandaa wenyeji waiendeleze kazi wenyewe, ambayo kwa uzoefu wangu huandikwa usiku wa mwisho na kujazwa semina. Nimesoma hadidu za rejea (maelezo ya kazi inayotakiwa) mara tatu na bado sioni ni kitu gani hasa kinachotakiwa kubaki pale wataalamu watakapopanda ndege. Je, kuna mahali ambapo tunaweza kujifunza, kwa mazuri au kwa mabaya?

MzeeWaReli
Kijana, kabla ya kujenga uwezo kuna jambo ambalo zabuni nyingi hulipitia mbio, nalo ni usalama wa ardhi yenyewe. Vita vya Msumbiji vilikwisha kwa mkataba uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, lakini nchi haikutangazwa kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini hadi mwaka 2015. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na panya buku waliofundishwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, jambo ambalo watu hulitaja kwa utani ilhali ni msaada wa kiufundi uliotoka kwetu kwenda kwa jirani.

Reli ya Sena huko huko Msumbiji, inayounganisha bandari ya Beira na makaa ya mawe ya Moatize, ina mafunzo zaidi. Daraja la Dona Ana linalovuka mto Zambezi, lenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu na nusu, lililipuliwa wakati wa vita. Mwaka 1995 likafunguliwa tena kwa fedha za Marekani, lakini kwa ajili ya magari, si treni. Wapo wanaoulaumu uamuzi huo. Mimi siulaumu, kwa sababu reli yenyewe ilikuwa imekufa, na waliohitaji kuvuka wakati ule walikuwa watu waliorudi makwao na malori yaliyowabebea mahitaji. Tatizo lilikuja baadaye, reli ilipokodishwa mwaka 2004 kwa muungano wa kampuni za India, ukarabati ukachelewa, na hatimaye serikali ikaivunja ile mikataba na kuirudisha njia mikononi mwa shirika lake la reli, CFM. Kazi ikiachiwa mgeni peke yake, mwenyeji huja kuirithi ikiwa imeshaharibika. Kwa hiyo usiandike sura ya mafunzo. Andika ni nani upande wa wenyeji, kwa cheo chake, atakayeweka saini kwenye cheti cha kupokea kazi tangu mwezi wa kwanza, kwa kuwa mhandisi mwenyeji anayewekwa kando ya mgeni bila mamlaka ya kukataa zege mbovu hujifunza kubeba mafaili tu.

Mita_na_Nguzo
Upande wa umeme, tazama kituo cha umeme wa maji cha Mount Coffee nchini Liberia. Mwaka 1990 mapigano yalipofika, milango ya bwawa ilibaki bila mtu wa kuifungua, maji yakapanda juu ya tuta na kulibomoa. Ukarabati uliosaidiwa na Norway, Ujerumani, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Marekani uliongeza uwezo wa kituo kutoka megawati 64 hadi 88, na mtambo wa kwanza ukawashwa Desemba 2016. Ufundi wa mitambo ulikuwa mzuri. Kilichosahaulika ni nguzo na mita. Zaidi ya nusu ya umeme ikawa inapotea bila kulipiwa, mwingi ukichukuliwa kwa nyaya za kujiunganishia, na shirika lisilokusanya ankara haliwezi kununua hata transfoma. Barabara haina mita, lakini ina fungu la matengenezo, na sijaona umelitaja.

BintiKigamboni
Nakubaliana na Mzee kuhusu saini, ila naona ameipa uzito kupita kiasi, kwani saini haizibi shimo la barabara. Baada ya vita kila mfadhili huleta vifaa vya kwao, na baada ya miaka michache wilaya moja hujikuta na mitambo ya aina tano ambayo vipuri vyake haviingiliani. Kwa madaraja madogo ningependekeza mfumo mmoja wa vyuma vya kuunganisha, mfano wa Bailey, ambao kipande chake kina urefu wa takriban mita tatu na hubebwa na watu sita bila kreni. Jeshi letu lilitumia daraja la aina hiyo kuvuka mto Kagera pale Kyaka, baada ya majeshi ya Amin kulivunja lile la awali mwaka 1978. Na badala ya semina ya hotelini, wapelekeni mafundi sanifu wao katika chuo cha ATTI, Mbeya, wanapofundisha ujenzi wa barabara kwa nguvu kazi.

Mhandisi_Mikocheni
Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Fungu la matengenezo nimeliongeza. Kuhusu saini, mshirika wetu amekataa mara moja, akisema kwamba bima yake haitakubali cheti kinachoweza kuzuiwa na mtu asiye mwajiriwa wake.

MzeeWaReli
Marahaba. Mkumbushe kwamba nchini Liberia, kuanzia mwaka 2005, chini ya mpango ulioitwa GEMAP, wataalamu wa kigeni walipewa saini ya pili kwenye malipo ya taasisi za serikali, na wafadhili wenyewe ndio waliosisitiza. Kama mgeni aliwekewa saini ya pili kwenye fedha za mwenyeji, sioni bima gani inayozuia mwenyeji kuwekewa saini ya pili kwenye kazi ya mgeni. Akiendelea kusita, aanze na makalavati na mifereji, ambako hasara ni ndogo, na madaraja yaingie mwaka wa pili. Lakini ratiba hiyo iwe ndani ya mkataba, si kwenye barua ya pembeni.