Mtoto akikosea mlinganisho wa picha, kilichopungua ni nini?

Mwalimu_wa_Awali
Wakuu, kuna zoezi la picha la watoto wa miaka 4 hadi 6: kofia kwa kichwa ni kama kiatu kwa nini? Wengi huchagua soksi, mguu wanauacha. Nitajuaje kama kilichopungua ni maarifa, kumbukumbu au uwezo wa kujizuia? Na anayepatia yote, nimhesabu mbunifu?

Pacha_wa_Swali
Mwalimu, anza na maarifa. Uliza kila uhusiano peke yake: "Kofia huvaliwa wapi? Kiatu je?" Usiiruke hatua hii. Watafiti Goswami na Brown walionyesha mwaka 1990 kwamba hata watoto wadogo wa miaka 3 na 4 wanaweza kulinganisha, mradi uhusiano wenyewe wanaujua, mfano kukata au kuyeyuka.

Akijibu yote mawili, toa soksi uweke kijiko. Akipatia sasa, tatizo lilikuwa mtego: soksi na kiatu huonekana pamoja kila siku, kwa hiyo soksi humjia kwanza na hawezi kuizuia.

Bado anakosea? Angalia mzigo wa kumbukumbu. Mbwa kumfukuza paka ni uhusiano mmoja. Paka huyohuyo akimfukuza panya, mtoto ana mahusiano mawili ya kushika kwa pamoja. Richland, Morrison na Holyoak (2006) waliona kwamba mzigo huo na mtego, vyote viwili, huwaangusha wadogo. Acha picha zote mezani, usizitaje kwa mdomo tu. Na uandike *aina* ya kosa. "5 kati ya 10" haikuambii chochote.

Kopo_Tupu
Kuhusu ubunifu: hapana, usimhesabu. Mtafiti Kim alipojumlisha tafiti nyingi mwaka 2005, uhusiano kati ya alama za akili na za ubunifu ulikuwa takriban 0.17 tu. Ni mdogo mno kumkadiria mtoto mmoja mmoja.

Mpe kopo tupu, aseme linaweza kutumika kwa nini. Matumizi 12 ya kutia vitu (maji, mchanga, kalamu) yana wingi wa 12, lakini aina ni moja. Mwenye majibu manne, mojawapo kopo lililotobolewa chini likawa wingu la mvua, ameuvusha uhusiano kutoka mbali, na hapo ndipo mlinganisho na ubunifu hukutana. Usiweke saa, usiuite mtihani, wala usimkatize baada ya majibu matatu; ya mwanzo kwa kawaida ndiyo yale ya kila mtu.

Mwalimu_wa_Awali
Na anayeng'ang'ania soksi hata baada ya hatua hizo?

Pacha_wa_Swali
Muulize kwa nini kabla ya kumwekea kosa. Akisema "kofia inafunika kichwa, kiatu kinafunika soksi", uhusiano wake ni sahihi kabisa. Picha yako ndiyo mbovu. Badilisha soksi, weka kamba ya kiatu.