Manda haina ndege: TTools, AIFP au mipango ya AIG?

Mtepe_Shela
Assalaam aleikum wadau. Natumia FSX (Flight Simulator X, simuleta ya urubani ya Microsoft). Kila nikitua Manda, uwanja wa ndege wa Lamu (msimbo wake HKLU), nakuta uwanja mtupu, hata Caravan moja, ile ndege ndogo ya abiria, haipo. Sisi wa huku twajua asubuhi ndege ikishuka mashua za abiria zinavyojaa gatini. Nataka ndege zinazoendeshwa na kompyuta zitoke Wilson ya Nairobi, zipitie Malindi, zije Lamu na zirudi. Niandike mipango ya safari mwenyewe kwa programu ya TTools, nitumie ile ya AIFP, au nishushe mipango iliyo tayari ya kundi la AIG?

Kusi_Malindi
AIG, kama unataka Nairobi na Mombasa zijae. Mipango yao inafuata ratiba halisi za mashirika, kwa hiyo hukai kuhesabu saa. Ila ndege ndogo za kukodi hazina ratiba ya kufuatwa, hizo utaziandika mwenyewe tu.

Fundi_Langoni
Kwa Lamu, andika mwenyewe. TTools inataka mafaili matatu ya maandishi: ya ndege, ya viwanja na ya safari, kisha inayageuza kuwa faili moja la BGL, ambalo simuleta hulisoma. Kazi yake nyepesi. Lakini ni ya simuleta za kabla ya FSX, na hapo ndipo watu wengi huumia: FSX ikikuta hata faili moja la trafiki la muundo wa FS2004 (toleo lililoitangulia), inaacha kuonyesha ndege zote za mafaili ya muundo wake yenyewe. Lamu itachangamka, Nairobi ibaki jangwa. AIFP inasoma mafaili yale yale na kutoa muundo wa FSX. Mimi TTools niliiacha kwa hilo tu.

Mtepe_Shela
Shukran fundi. Jana nimetumia AIFP, nikaandika ndege iondoke Wilson Jumatatu saa 3 asubuhi. Nimengoja pale Wilson mpaka saa 5, wapi!

Binti_Rubani
Kakangu, uliandika 09:00? Mipango hii inataka saa za Zulu, yaani UTC, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Saa 3 asubuhi ni 06:00. Ukiandika 09:00 ndege inaondoka saa 6 mchana, na ukiandika 03:00 kwa mazoea ya kwetu imeshaondoka saa 12 alfajiri. Tazama na siku: Jumapili ni 0, Jumatatu ni 1. Usianze kuhesabu na Jumamosi.

Fundi_Langoni
Binti kasema kweli. Ongeza haya: safari ya mwisho lazima irudi pale ya kwanza ilipoanzia. Na ukiipa ndege asilimia 60 (yaani ionekane trafiki ikifika kiwango hicho) huku trafiki ya simuleta umeiweka 40, hutaiona kamwe.

Mtepe_Shela
Ilikuwa 09:00 kweli! Nimeweka 06:00. Nilianza na safari ya moja kwa moja, maili 250 hivi za baharini kwa mwendo wa noti 160 (maili za baharini kwa saa), ikatua Manda saa 4 na nusu na kidogo. Nimefurahi mno. Ya pili iliyoifuata ilitua, ikafutika papo hapo kwenye njia ya kutulia.

Binti_Rubani
Haikupata maegesho. Kila ndege inataka nafasi iliyo wazi na yenye upana wa kuitosha. Fungua HKLU kwa ADE, programu ya kuhariri viwanja, uongeze nafasi mbili tatu, na uziunge na njia ya kupitia ndege, la sivyo hazitafikika.

Mtepe_Shela
Nafanya baada ya Magharibi. Kusi, Malindi yako ina nafasi ngapi? Nataka kupitisha mbili kwa pamoja.