Familia ya Chumbageni: kompyuta ya Salum

Salum: Assalaam alaykum wote. Dada Rehema upo? Kasi ya prosesa ya kompyuta yangu imenirudia 3.3 GHz ya kiwandani tena. Jana niliiacha 4.2 niliyoiongezea, inakwenda vizuri kabisa. Leo asubuhi nawasha, inaandika mipangilio imerudi ya kiwandani, nibonyeze F1. Na video ya harusi inatakiwa Ijumaa.

Mjomba Idi: Waalaykum salaam. Hivyo ni virusi. Piga Windows upya.

Rehema: Waalaykum salaam. Shikamoo mjomba.

Mjomba Idi: Marahaba mwanangu.

Rehema: Mjomba, Windows tuiache kwanza. Ile kasi aliyoiongeza haikai kwenye diski, inakaa kwenye madabodi, yaani bodi kuu, ndani ya BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Akipiga Windows namba itapotea vilevile, na siku nzima itaishia kurudisha programu za kuhariri.

Rehema: Salum, inapotea wakati gani hasa? Ukiiwasha upya bila kuchomoa umeme, 4.2 inabaki?

Salum: Inabaki. Jana mchana Windows ilijisasisha ikajizima na kujiwasha, kasi ilikuwa palepale.

Rehema: Na usiku unaizimaje?

Salum: Naizima, halafu nachomoa ekstensheni ukutani. Mama hataki kitu kilale kwenye umeme.

Mama: Umeme ukikatika ukirudi unarudi kwa kishindo. Ile TV ya sebuleni mmeshaisahau?

Rehema: Mama yuko sahihi, endelea kuchomoa. Tarehe je? Ukiwasha asubuhi inasomaje?

Salum: Leo imesoma 1 Januari 2011. Na tovuti karibu zote zinakataa kufunguka, zinasema cheti cha usalama bado hakijaanza kutumika, mpaka nirekebishe saa.

Rehema: Basi ni betri ya madabodi. Ile bapa ya duara, kama ya rimoti ya gari. Kompyuta ikiwa imechomekwa, hata ukiizima, pawasapulai inaendelea kupeleka umeme kidogo kwenye bodi, kwa hiyo saa inatembea na mipangilio inakaa. Ukichomoa ukutani inabaki betri peke yake. Yako imechoka, kila usiku bodi inasahau kila kitu, pamoja na 4.2 yako.

Rehema: Ingekuwa tarehe iko sawa na kasi tu ndiyo imerudi, ningekuwa na wasiwasi mwingine. Prosesa ikishindwa kuwaka kwa kasi uliyoipandishia, bodi inajiokoa kwa kurudi kwenye kasi ya kawaida. Hapo tungeanza kuangalia volti na RAM. Lakini kalenda ikirudi nyuma miaka yote hiyo, usiguse volti hata kidogo. Watu wanaunguza prosesa nzima kwa kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Mjomba Idi: Kumbe. Inaitwaje hiyo betri nimpitishie? Niko Ngamiani.

Rehema: CR2032, mjomba. Mwambie muuza duka namba hiyohiyo.

Mjomba Idi: [picha] Fundi saa kanipa hii. Anasema ni sawa tu.

Rehema: Hiyo ni CR2025 mjomba. Volti ni 3 zote mbili na upana ni mmoja, milimita 20, ila hiyo unene wake ni 2.5 na tunayotaka ni 3.2. Itacheza kwenye kikombe chake, leo inagusa kesho haigusi. Tafadhali mrudishie.

Mjomba Idi: Kanibadilishia. Fundi mwenyewe kaipima ina 3.2 volti.

Rehema: Safi sana. Salum, chomoa waya wa umeme kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe. Pembeni ya betri kuna kibanio kidogo, kisukume kwa ukucha, betri itaruka yenyewe. Bisibisi ya chuma usiitie, ikiteleza inakwangua nyaya za bodi. Upande wenye alama ya kujumlisha uangalie juu.

Shangazi Mwanaisha: Hiyo ya zamani mnaitupa wapi? Nyumba ina mtoto anayetambaa.

Rehema: Ahsante shangazi, hili ni kubwa kuliko kompyuta. Hata iliyochoka ina umeme wa kutosha kumdhuru mtoto. Akiimeza ikakwama kooni inaunguza ndani kwa ndani, ndani ya saa mbili tu anaweza kuumia vibaya. Izungushieni selotepu pande zote sasa hivi, muiweke juu kabisa. Mkihisi kameza, hospitali moja kwa moja, msisubiri aonyeshe dalili.

Mama: Ninayo mkononi. Naifunga.

Salum: Nimeweka mpya, nimerekebisha saa, nimerudisha kizidisho 42, yaani 42 mara 100 MHz, ndiyo 4.2 GHz. Nachomoa ukutani kama kawaida, tuone asubuhi.

*Alhamisi*

Salum: Alhamdulillah, tarehe ya leo na 42 vyote vipo! Ila programu ya kupimia inasoma 1.6. Imeshuka hata chini ya 3.3?

Rehema: Hapo haijarudi nyuma, imepumzika. Prosesa yako, i5-2500K, ikikosa kazi inateremsha kizidisho mpaka 16, na 16 mara 100 ni MHz 1,600, ndiyo hiyo 1.6. Anza kurenda kitu, yaani kuitoa video iliyokamilika, halafu uangalie tena.

Salum: Kweli, imeruka 4.2 papo hapo. Lakini baada ya dakika chache inashuka 3.9, inapanda, inashuka.

Rehema: Joto linasomaje?

Salum: 97, 98.

Rehema: Simamisha. Prosesa hiyo ikigonga 98 inajipunguza kasi isiungue. Feni ni ileile iliyokuja nayo?

Salum: Ndiyo.

Rehema: Hiyo haikutengenezwa kwa 4.2, sembuse kwa joto la Tanga. Rudisha kizidisho 40, fungua kasha, pulizia vumbi kwenye mbavu za kipoozeo huku umeishika feni isizunguke. Pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa kama imekauka, ifute upake mpya, kipande kama punje ya mchele.

Salum: Ilikuwa ngumu kama chaki. Nimebadilisha. Sasa 4.0, joto 76, imerenda nusu saa haijashuka hata mara moja. Video itawahi.

Mama: Mashallah. Ahsante Rehema.

Rehema: Ibaki hapohapo mpaka upate feni kubwa. Na ndani ya BIOS kuna sehemu ya kuhifadhi profaili, ihifadhi hii ya 40, siku ukitaka kupanda uwe na pa kurudia.

Salum: Nimeihifadhi kwa jina HARUSI.